Fimbo Sita za Nyama, Kutoka Nyarero Hadi Natta

Ndugu zangu, tangu nirudi, kila anayenikuta njiani ananiuliza, "Mwita, ulimkuta Mzee?" Naanza kumsimulia, kabla sijafika mbali anaitwa na mkewe, anaondoka na nusu ya habari. Sasa wengine mna habari ya askari peke yake, wengine mna habari ya mama yangu mdogo, na kuna mmoja anatangaza kwamba nilimpelekea Mzungu nyoka waliokaushwa. Nimeona niandike yote mara moja, kama nilivyopita njia yenyewe, halafu mniache nipumzike.

Kwa asiyejua: Mzee Pampu ni Mjerumani. Alifika Natta akiwa kijana kutengeneza pampu za visima, kazi ikaisha, yeye hakuondoka. Baba yangu alikuwa mlinzi wa karakana yake. Mimi nimekulia pale mpaka nikafika miaka kumi na moja, baba alipofariki, mama akaturudisha Nyarero.

Kila mvua za masika zikikatika, Mzee alikatakata nyama, akaitia chumvi na kitunguu saumu, akaijaza kwenye utumbo wa mbuzi uliooshwa mpaka ukawa kama karatasi. Halafu akaitundika kwenye kibanda cha moshi, wiki nyingi, bila kuipika. Sisi watoto hatukusema soseji. Tulisema fimbo. Ikishakauka alikata kipande chembamba, ukikiinua unaona mwanga upande wa pili, akakuwekea kwenye kiganja kama anakupa dawa. Mpaka leo harufu ya moshi na kitunguu saumu ikichanganyika, mimi mate yananijaa, na macho pia. Chekeni tu, mimi nishazoea.

Nyarero: wiki tano juu ya moto

Mwaka huu nilijiambia, ndoto nyingine zote ziko mbali, hii iko karibu: nitatengeneza fimbo zangu. Nilinunua nyama ya ng'ombe, nikaomba mafuta ya nguruwe kwa jirani, nikajaza utumbo wa mbuzi kwa chupa iliyokatwa kitako. Nikatundika fimbo sita juu ya mafiga ya mama.

Mnakumbuka wenyewe mlivyonisema. Mwanaume aliyetahiriwa anashinda jikoni kwa mama yake! Marwa mwenzenu alisimama mlangoni, akaniuliza mbele ya watu, "Mura, kijana mzima wewe, hebu nieleze. Sisi tunakula nyama inakwenda utumboni. Wewe unaipeleka utumboni kabla ya kula. Una haraka ya nini?"

Nilicheka pamoja nanyi. Lakini moyoni nilikuwa na jambo moja. Nilitaka siku moja Mzee Pampu azishike, azikate, aniambie, "Mwita, hii ni yenyewe," au aseme, "Mwita, umekosea hapa." Hakuna mtu mwingine upande wetu huu anayeweza kuniambia. Mimi darasa la saba nimemaliza, cheti cha ufundi sina. Neno lake ndilo lingekuwa cheti changu.

Wiki ya tano zilikuwa zimeota ukungu mweupe, laini kama unga uliopeperushwa. Nilifurahi nikapiga kelele, kwa sababu za Mzee zilikuwa hivyohivyo. Ukungu ule ndio unaoilinda nyama. Jioni ileile Wambura, rafiki yangu wa utotoni, akanipigia simu kutoka Natta.

"Mwita, mzee wako anaondoka. Binti yake amekuja kumchukua. Keshokutwa asubuhi gari linampeleka uwanja wa ndege."

"Anakwenda kutembea?"

"Hapana. Anakwenda."

Siku iliyofuata, alfajiri, nilizifunga fimbo zangu kwa kitambaa safi, nikaziweka kwenye ndoo yenye mfuniko, nikatoka.

Bomani: gari lisilojaa

Nilifika Bomani, stendi ya Tarime, mapema, nikajua jioni nitakuwa Natta nakunywa chai na Mzee. Gari la Mugumu, ambako ningepanda la Natta, lilikuwapo, na dereva alikuwapo, na kondakta anaita. Walikosekana abiria. Tulikaa mpaka jua likasimama utosini.

Kila nusu saa nilifungua mfuniko kidogo ili fimbo zipumue. Bwana mmoja Mkenya aliyetoka Sirari na mzigo wa maturubai akachungulia.

"Buda, hiyo si ni mutura?"

"Siyo mutura, ile yenu ya kuchoma. Ni soseji kavu ya Kijerumani."

"Ni mutura. Sisi tunakula ikiwa moto, jioni, na kachumbari. Wewe umeiacha mpaka imekuwa mti." Akafikiri kidogo. "Kumbe Wajerumani nao wana mutura! Na hawakutuambia!"

Mama mmoja Msabato aliyekuwa pembeni yangu aliuliza kwa upole kama kuna nguruwe humo. Nilimwambia ukweli. Akahamia benchi lingine, akakaa, halafu akaniletea karanga kwa umbali wa mkono, nisije nikamwona ana dharau. Nilizila zote. Hapa kwetu tunasemana vibaya kuhusu dini za watu, lakini mama yule alinishinda adabu.

Nyamongo: springi na michembe

Tulipita Nyamwaga vizuri. Mbele ya Nyamongo kidogo, gari likainama upande mmoja na kutoa mlio wa ng'ombe aliyekanyagwa. Springi imekatika. Kondakta akasema dakika ishirini. Mimi nikamwangalia fundi anavyovua viatu na kujilaza chini ya gari, nikajua hizi si dakika ishirini.

Nilikaa juu ya jiwe na ndoo yangu kwenye kivuli cha duka. Akaja kukaa mchimbaji mmoja, nguo zote rangi ya udongo, anaitwa Masanja, Msukuma. Alifungua mfuko akatoa viazi vitamu vya kuchemsha, akanisogezea bila kuniuliza kama nina njaa.

"Unakimbilia wapi, mdogo wangu? Kila gari likipita unasimama."

Nikamweleza. Watu huwa wanacheka nikifika kwenye ukungu. Masanja hakucheka.

"Mama yangu alikuwa anakata viazi vyembamba, anavianika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba," alisema. "Michembe. Wakati wa njaa unachemsha na karanga. Nina mwaka wa saba huku nachimba. Dhahabu nimeiona. Michembe sijaiona."

"Si viazi vipo hapa? Kausha."

"Nilikausha. Ilikuwa viazi vikavu tu."

Akaomba anuse. Nikafunua kitambaa. Alifumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Inanuka nyumbani," alisema. "Siyo kwetu. Lakini nyumbani." Halafu akaniambia, "Nikatie kidogo tu, kama ukucha."

Nilikataa. Nilimwambia lazima zifike nzima, Mzee azione zilivyo. Akaitikia, "Sawa, mdogo wangu. Kitu cha mtu hakikatwi njiani." Akaniongezea kiazi kingine.

Nimeandika hapa kwa sababu mnataka kujua yaliyotokea, na hili lilitokea. Nilikula viazi vya mtu nikamnyima kipande cha ukucha. Ningejua yaliyokuwa yananingoja Mugumu, ningemkatia fimbo nzima.

Mugumu: nyumbani kwa mama mdogo

Tulivuka daraja la Mto Mara jua likiwa limelegea, tukaingia Mugumu wakati wa magharibi. Magari ya Natta yalikuwa yamekwisha. Mama mdogo Nyangi, mdogo wake mama yangu, ameolewa pale, anauza mboga sokoni. Alinipokea kwa vifijo, akaninyang'anya ndoo mlangoni. Kwetu mgeni havuki kizingiti na mzigo, na alichokuja nacho kinapelekwa jikoni.

"Hiyo ni ya Mzee Pampu, mama. Nampelekea asubuhi," nilimwambia.

"Sawa, baba. Kula, ulale."

Ni hayo tu niliyosema. Nilikuwa nimechoka, na kwangu mimi habari ya fimbo ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilidhani dunia nzima inaijua.

Alfajiri niliamshwa na harufu. Harufu nzuri sana: moshi, kitunguu saumu, nyanya. Nililala pale nikatabasamu, naota niko kwa Mzee. Halafu nikakumbuka nilipo.

Nilimkuta mama mdogo amechuchumaa kando ya sufuria, uso unang'aa kwa furaha. Kwenye beseni kulikuwa na maji ya kijivu na chuma cha kusugulia masufuria.

"Umeamka? Njoo uone. Usiku nilifungua ndoo yako, mwanangu, nusura nilie. Nyama imeota ukungu yote! Nikasema, huyu mtoto ataaibika mbele ya mzungu wa watu. Nimeamka mapema nikaisugua kipande kwa kipande, nikaikata, nikaichemsha mpaka ikalainika. Sasa unaweza kuipeleka mbele ya mtu yeyote."

Fimbo zote sita.

Nisingependa kuandika nilichosema, lakini nitaandika. Nilisema, "Mama, umeniua." Nikasema, "Nani alikutuma?" Kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata kwa kaka yangu, sembuse mama. Alibaki ameshika mwiko. Nilipomweleza kwamba ule ukungu ndio ulionichukua wiki tano, na kwamba ile nyama hailiwi kwa kupikwa, na kwamba Mzee anaondoka asubuhi hii na sasa hana cha kupima, alitazama vidole vyake tu. Vilikuwa vimechubuka.

Nilivaa viatu nikatoka bila kula. Mnajua maana ya kutoka kwenye nyumba ya mama yako bila kula.

Nilikuwa nishapanda bodaboda aliponifikia, anahema, na hotpoti aliyoifunga kwa kanga yake. Aliiweka mapajani mwangu, akalikaza fundo, akarudi.

Kizuizini

Kabla ya Natta kulikuwa na askari wa wanyamapori waliokuwa wanakagua mizigo. Huko pori liko karibu, na nyama kavu ya porini, ile wenyeji wanayoiita kimoro, imewapeleka wengi gerezani. Askari mmoja, dada mrefu mwenye sauti ya chini, akaonyesha hotpoti kwa kidole.

"Fungua."

Nikafungua. Mvuke ukatoka.

"Nyama ya nini?"

"Ng'ombe, afande. Na mafuta ya nguruwe. Ilikuwa kavu, imechemshwa."

"Ilikuwa kavu." Aliwatazama wenzake. "Na nani aliikausha?"

"Mimi mwenyewe. Juu ya moto wa mama."

Dereva wangu akafunga macho kama mtu anayesali. Nilijua kila neno ninaloongeza linanifunga zaidi, lakini mimi nikianza kueleza siwezi kusimama. Nilimweleza habari ya pampu, kibanda cha moshi, ukungu, mama mdogo, chuma cha kusugulia. Alinisikiliza muda mrefu, mikono nyuma.

"Ngoja hapo," alisema. "Mkubwa wangu anakuja."

Tulingoja. Jua likapanda. Niliona gari jeupe linatoka upande wa Natta, nikainuka nikidhani ni la Mzee, lakini lilikuwa la watalii. Mkubwa alipofika, mzee wa Kiikoma mwenye mvi, akainama juu ya hotpoti, akachukua kijiko cha dereva wake, akageuza kipande kimoja, akanusa.

"Hii ni ya Mzee Pampu," alisema. "Nani mwingine anatia saumu hivi? Alitutengenezea kisima chetu, akatulisha hii. Mwacheni aende. Kijana, kimbia. Nimepita pale, wanapakia."

Natta

Walikuwa wamepakia. Masanduku mawili nyuma ya gari, mlango wa karakana umefungwa kwa kufuli jipya, na kile kibanda cha moshi kimebaki wazi, tupu, waya zinaning'inia. Watu walikuwa wamesimama kwa makundi, hawapigi kelele. Wambura alinisukuma mbele.

Mzee alikuwa kwenye kiti cha kamba, amevaa koti zito katika joto lile. Utotoni nilimwacha mtu wa kunyanyua mabomba peke yake. Niliyemkuta, kola ya shati imemzidi shingo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Mimi Mwita. Mtoto wa mlinzi."

Alinishika mkono, akaugeuza, akatazama kiganja. "Mwita wa kuiba vipande," alisema. "Kaa."

Binti yake, mama wa makamo mwenye macho mekundu, alionyesha saa. Mimi Kiingereza changu hakifiki popote, nikamwonyesha hotpoti. Nilimweleza Mzee kila kitu haraka haraka: fimbo sita, wiki tano, ukungu, nilivyotaka azipime, na kilichotokea Mugumu.

"Nilikuja kukuonyesha kazi yangu," nilisema, "nimekuletea mchuzi."

"Fungua basi. Mimi kavu siwezi tena. Meno yangu yako kwenye sanduku, na sanduku liko chini ya lingine."

Alichukua kipande cha kwanza kwa kijiko. Alikaa nacho mdomoni muda mrefu. Akachukua cha pili. Kisha akaweka kijiko chini na kushika hotpoti kwa mikono miwili, akaikumbatia. Binti yake akaja akapiga magoti, akamuuliza kitu kwa lugha yao. Alimjibu neno moja, halafu akanigeukia.

"Baba yangu alikuwa anatundika darini," alisema. "Kila mwaka. Na mimi hapa, kila mwaka, nilitundika kama yeye. Nikionja, nasema hapana, haijafika. Nikabadilisha miti ya moshi. Nikabadilisha chumvi. Nilimlaumu mbuzi, nikalaumu hewa ya Natta. Ninyi mlikula mkasema tamu, mimi nikasema hapana."

Akapangusa midomo kwa mkono wa koti. Hakuna aliyemharakisha.

"Ile ya kukatwa vyembamba ilikuwa ya baba na wageni. Sisi watoto tulipewa vichwa vya fimbo, vile vilivyogomea kisu. Mama alivichemsha. Nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka yote nilikuwa natafuta kwa baba, na ilikuwa kwa mama."

Alikula mpaka mwisho, akanywa na mchuzi, nyanya na yote. Nilisubiri. Mimi ni mtu mwenye moyo laini lakini pia nina ubinafsi wangu, na nilikuwa nimetoka mbali.

"Mzee, nilipata au nilikosea?"

"Iliyochemshwa haipimwi, Mwita. Sijui." Alisema hivyo, na nikaona hataki kunidanganya hata kwa kuaga. Kisha akanyoosha mkono. "Kunja ngumi. Kaza. Sasa bonyeza hapa, kwenye nyama ya chini ya kidole gumba. Umesikia? Ikikauka sawasawa, fimbo inakuwa hivyo. Ikiwa laini kuliko hapo, ngoja. Ikiwa ngumu kuliko hapo, umechelewa. Huna haja ya mimi."

Walimsaidia kupanda gari. Alipokuwa ameshakaa aliita tena kupitia dirishani, akauliza jina la aliyechemsha. Nikamwambia, Nyangi. Akamwagiza binti yake afungue kikapu cha vyombo, akatoa kopo la chumvi yake ya mawe, lililobaki nusu, akalitia ndani ya hotpoti.

"Chombo hakirudi kitupu," alisema. "Mwambie Nyangi shikamoo."

"Mzee, yeye ni mdogo kwako sana."

"Najua maana ya shikamoo. Mwambie."

Gari likaondoka. Watu walibaki wamesimama mpaka vumbi likatua, halafu kila mmoja akaenda zake bila kuagana, kama watu wanaotoka makaburini.

Mugumu tena

Niliporudi mama mdogo alikuwa uani anachambua mchicha. Nilimwamkia. Aliitikia bila kuinua uso. Niliweka hotpoti mbele yake, na kanga yake niliyoikunja vizuri, nikabaki nimesimama kama mtoto aliyepoteza ndama.

"Nilikukosea adabu, mama."

Aliendelea na mchicha. "Alikula?"

"Alikula yote. Akanywa na mchuzi. Amesema ndiyo aliyokuwa anaitafuta maisha yake yote. Mama yake alikuwa anapika hivyohivyo. Na amekutumia chumvi. Na shikamoo."

"Mimi? Mzee yule?"

"Wewe."

Alifungua hotpoti, akalitazama lile kopo, akachukua punje moja ya chumvi akaiweka ulimini. Nikamweleza habari ya ngumi, nikamwonyesha pa kubonyeza. Alikunja ya kwake, ile ngumi ya jembe na ya mizigo ya sokoni, vidole bado vina michubuko, akaibonyeza.

"Hii yangu usiipimie," alisema. "Utavunja watu meno."

Tulicheka wote wawili, halafu yeye akawa analia, akajifuta kwa mkono wenye mchicha. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na sahani iliyofunikwa. Ilikuwa ugali na maziwa, vimepoa tangu asubuhi.

"Uliondoka hujala," alisema. "Kaa."

Nikakaa, nikala.